Mlio wa Baisikeli Mlimani na Namna ya Kutafuta Asili Yake



Leo twataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo, nalo ni baisikeli inayoanza kulia ipandapo mlima. Kwa watu wa nchi tambarare mlio huo ni udhia wa masikio tu. Kwetu Usambara sivyo. Barabara itokayo Mombo hata Lushoto, kwa njia ya Soni, ina urefu wa kilomita zipatazo 33, na katika mwendo huo hupanda karibu mita 1,000. Apandaye hutia nguvu zake zote juu ya pedali, na ashukaye huweka uhai wake juu ya vyuma vile vile. Kitu kilicholia asubuhi wakati wa kupanda chaweza kukatika alasiri wakati wa kushuka, tena ukingoni mwa bonde, na mzigo wa kabeji ukiwa nyuma.

Dalili ya mvua ni mawingu, na chuma kinachokaribia kuharibika mara nyingi hutoa dalili yake kwa mlio. Walakini mlio huo hudanganya. Fremu ya baisikeli imefanywa kwa mabomba yaliyo matupu ndani, nayo hupeleka sauti mbali kama ngoma. Kitu kikilia chini ya kiti, mpandaji huweza kuapa kwamba kimelia penye pedali. Ndiyo sababu watu wengi hununua mnyororo mpya, kisha pedali mpya, na mlio haukomi. Fedha imekwisha kwenda, na bolti moja ya kiti iliyolegea ingali inalia. Basi neno letu la leo ni hili moja: tafuta kwanza, kisha shika spana.

Yafaa tupatane kwanza juu ya majina ya vyuma. Chini, katikati ya fremu, pana ekseli inayozunguka juu ya gololi. Katika ncha zake mbili hufungwa mikono ya pedali, ambayo mafundi huiita krenki. Krenki ya kulia hubeba gurudumu la meno la mbele. Baisikeli ya gia yaweza kuwa na moja, mawili au matatu. Mnyororo hutoka hapo kwenda kwenye meno ya nyuma, na hayo yamekaa juu ya friwili, yaani chombo kile kinachoacha gurudumu liendelee kuzunguka hata miguu ikitulia. Baisikeli nyeusi tulizozizoea, kama Phoenix na Raleigh, kwa kawaida zina gurudumu moja tu la meno nyuma. Baisikeli za milimani, ambazo vijana wetu wanazipenda na wageni huzipanda kwenda Magamba, Lukozi na Mtae, zina magurudumu ya meno mengi yaliyopangwa kama sahani, na chini yake pana mkono mdogo unaouhamisha mnyororo kutoka sahani moja hata nyingine. Mkono huo tutauita mkono wa gia.

Mnyororo wenyewe si kitu cha jana. Mwaka 1880 Hans Renold, mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi Manchester katika Uingereza, alibuni mnyororo wenye vipande viviringo vinavyozunguka juu ya pini, na minyororo ya baisikeli za leo ni ya ukoo huo. Kutoka pini moja hata pini ya pili ni nusu inchi, yaani milimita 12.7. Kipimo hicho ni kimoja kwa baisikeli nyeusi ya babu na kwa baisikeli ya gia ya mjukuu. Tofauti yao ni upana. Mnyororo wa baisikeli isiyo na gia ni mpana zaidi, wala haufai kutiwa katika baisikeli yenye sahani nyingi nyuma. Utakwaruza sahani za jirani na kupiga kelele siku zote.

Sasa mtu atauliza, kwa nini baisikeli iliyonyamaza sokoni hulia ikifika kwenye mwinuko? Walimu wataweza kuwaonyesha wanafunzi hesabu yake ubaoni. Krenki ina urefu wa sentimita 17 hivi. Gurudumu la mbele lenye meno 44 lina sentimita 9 hivi kutoka katikati hata ukingoni. Mtu wa kilo 60 akisimama kwa uzito wake wote juu ya pedali moja, mnyororo huvutwa kwa nguvu ya kama kilo 115. Akihamisha mnyororo kwenye gurudumu dogo la meno 22 ili apate wepesi, miguu hupata nafuu, lakini mnyororo haupati. Kwa uzito ule ule huvutwa kwa nguvu ya kama kilo 230. Kwa hiyo gia nyepesi ya mlimani humwonea huruma mpandaji, bali haiuonei huruma mnyororo. Ufa mdogo, pini iliyolika, au bolti iliyolegea, vyote hunyamaza kwenye tambarare, na mwinuko ndio unaovitoa siri.

Basi baisikeli ikilia, usishuke na kumwaga mafuta kila mahali. Jiulize maswali matatu.

Swali la kwanza: je, mlio huja wakati wa kukanyaga tu, au hata miguu ikitulia? Nenda kwenye mteremko mdogo ulio salama, acha kukanyaga, sikiliza. Mlio ukiendelea, mnyororo na pedali hazina kosa. Tafuta kwenye magurudumu, spoki, breki, au kitu kinachogusa tairi. Lakini msiushitaki ule mlio mwembamba wa tiki-tiki-tiki utokao nyuma wakati miguu imetulia. Huo ni wa friwili, nao ni wa afya. Ndani yake mna vikucha vidogo vinavyoruka juu ya meno. Lililo baya ni friwili inayoshika na kuachia ukikanyaga, kwa maana vikucha vimelika au vimekwama kwa uchafu.

Swali la pili: je, mlio huja mara ngapi? Hesabu kwa mguu wa kulia. Ukija mara moja katika kila mzunguko wa pedali, tena mahali pale pale, tafuta kwenye pedali, krenki, ekseli ya katikati, au jino la mbele lililopinda. Ukija mara moja katika kila mizunguko miwili au mitatu, mshukiwa ni mnyororo. Kwa mfano, mnyororo wa viungo 112 juu ya gurudumu la meno 44 huzunguka mara moja kwa mizunguko miwili na nusu hivi ya pedali. Maana yake kiungo kimoja ni kigumu au kimepinda. Zungusha pedali kinyumenyume polepole kwa mkono, utakiona kikishindwa kukunjika kipitapo kwenye meno madogo ya nyuma. Na mlio ukija kila baada ya mita mbili za njia hivi, wafuata gurudumu lenyewe.

Swali la tatu: je, mlio hubadilika ukikaa, ukisimama, au ukibadili gia? Mlio unaokoma usimamapo ni wa kiti au nguzo yake. Mlio unaozidi usimamapo na kuvuta usukani waweza kuwa wa usukani. Mlio ulio katika gia moja tu si wa ekseli wala wa pedali, kwa kuwa hizo huzunguka katika gia zote.

Mtu akiyajibu maswali haya matatu kwa uaminifu, amekwisha kumaliza nusu ya kazi, na hajatoa hata senti moja. Anayepeleka baisikeli kwa fundi na aseme majibu hayo, asiseme tu "yalia". Mganga hawezi kumtibu mgonjwa asemaye tu kwamba anaumwa.

Sasa na tuitazame milio ile iliyo ya kawaida katika milima yetu.

Mlio mwembamba kama wa panya, unaofuata kila kukanyaga, mara nyingi ni wa mnyororo mkavu. Baada ya mvua ya masika maji huosha mafuta, na kutu huanza usiku ule ule. Huu ndio ugonjwa mwepesi kuliko yote.

Mlio wa kusaga, kama mtu atafunaye mchanga, ni mchanga kweli. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu la njia zetu hukaa juu ya mnyororo wenye mafuta mengi, na mafuta na vumbi vikichanganyika huwa kama kinoo. Hunoa pini na meno mchana kutwa. Hapa kuongeza mafuta bila kusafisha ni kuongeza kinoo.

Mlio wa kr-kr-kr katika baisikeli ya gia, ambao hupotea ukihama gia, ni wa mnyororo usiokaa sawasawa juu ya sahani yake. Waya wa gia umelegea au umekaza mno. Penye mwisho wa waya pana kirungu kidogo cha kuzungusha. Kizungushe kwa robo mzunguko, jaribu, kisha robo nyingine. Ikiwa mkono wa gia umepinda kwa kuanguka, utauona ukitazama kutoka nyuma, haukai wima. Huo apewe fundi, wala usihamie gia iliyo karibu na spoki hata upone, maana mkono ukiingia kwenye spoki gurudumu husimama ghafula. Tena mnyororo hukwaruza ukiwekwa upande kwa upande, yaani gurudumu kubwa la mbele pamoja na sahani kubwa ya nyuma. Hilo si ugonjwa, ni desturi mbaya ya mpandaji.

Mlio wa tak, wa kugonga, kila pedali ishukapo, wastahili kuangaliwa sana. Simamisha baisikeli, shika krenki zote mbili, moja kwa kila mkono, uzitikise kuelekea fremu na kutoka. Zikicheza zote mbili pamoja, gololi za ekseli zimelegea au zimelika. Ikicheza moja na ya pili imetulia, krenki hiyo haikukaza juu ya ekseli. Katika baisikeli nyeusi ni ile pini inayopita ubavuni mwa krenki. Katika baisikeli za siku hizi ni bolti iliyo kichwani mwa ekseli. Kazeni siku ile ile. Krenki ikiendeshwa hali imelegea, tundu lake huliwa na ekseli, na tundu lililoliwa halikazi tena daima. Bolti iliyotaka dakika moja hugeuka kuwa krenki mpya.

Kama krenki hazichezi, jaribu pedali. Kanyaga kwa mguu mmoja tu kwenye uwanja tambarare, kisha kwa wa pili. Mlio ukija kwa mguu wa kushoto tu, umekwisha kupata upande. Fungua pedali, safisha skurubu yake, tia grisi kidogo, rudisha, kaza. Angalieni jambo hili: pedali ya kulia hufunguliwa kama nati zote, lakini ya kushoto skurubu yake ni ya kinyume, hufunguliwa kwa kuzungusha upande ambao nati nyingine hukazwa. Wengi wameharibu krenki kwa kutojua hilo. Wala msijaribu kuazima pedali ya kulia kwa upande wa kushoto, hazikubaliani.

Katika baisikeli zisizo na gia kuna mlio mwingine unaofanana na wa mnyororo, nao ni wa tairi. Nati za gurudumu la nyuma zikilegea, mnyororo hulivuta gurudumu upande wa kulia kwenda mbele, likakaa mshazari, na tairi likagusa fremu upande wa kushoto. Mpandaji husikia kukwaruza kila akanyagapo kwa nguvu, akapaka mnyororo mafuta bure. Tazama tu kama tairi liko katikati ya fremu, kisha kaza nati zote mbili sawasawa.

Sasa twaja kwenye kipimo, na hapa twawaomba Walimu watusaidie, kwa kuwa rula ya shule yatosha. Watu husema mnyororo "umevutika". Kweli chuma hakikuvutika. Pini zimelika ndani ya vitundu vyao, na nafasi ndogo katika kila kiungo zikijumlishwa huufanya mnyororo mrefu. Vuta mnyororo ukae umenyooka, weka mwanzo wa rula katikati ya pini moja, uhesabu nafasi 24. Katika mnyororo mzima pini ya mwisho huwa penye inchi 12 barabara. Ikiwa imepita kwa sehemu moja ya 16 ya inchi, wakati wa kuubadili umefika. Ikiwa imepita kwa sehemu moja ya nane, mnyororo umekwisha, na yamkini umekwisha kuyala meno pia. Mwenye rula ya sentimita na ahesabu nafasi 20. Mnyororo mzima ni milimita 254, na ukifika milimita 255 na robo ujiandae, ukifika 256 na nusu usipande nao mlima.

Faida ya kipimo hiki ni fedha. Mnyororo uliokuwa mrefu haukai tena sawasawa juu ya meno. Huyanoa hata yakawa membamba na yaliyopinda kama papa wa baharini. Anayebadili mnyororo kwa wakati hununua mnyororo mmoja. Anayengoja hununua mnyororo, meno ya nyuma na meno ya mbele. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tena kuna hatari. Mnyororo mpya ukitiwa juu ya meno yaliyoliwa huruka ukikanyaga kwa nguvu. Mguu huanguka ghafula, na mtu huangukia fremu au barabara. Basi mkisikia tak na kuteleza mara baada ya kutia mnyororo mpya, msiulaumu mnyororo, tazameni meno.

Kusafisha si kazi ya fundi peke yake. Shika mnyororo kwa kitambaa, zungusha pedali kinyumenyume, toa tope. Uliokithiri uchafu usugue kwa brashi na mafuta ya taa kidogo, mbali na moto, ukiangalia mafuta hayo yasiingie kwenye gololi za ekseli wala za gurudumu, maana yataosha grisi yake. Ukaushe. Kisha tia tone moja la mafuta mepesi juu ya kila kipande kiviringo, zungusha mara nyingi, halafu futa yote yaliyobaki nje. Mafuta yafanyayo kazi ni yale yaliyoingia ndani; yaliyo nje hungoja vumbi tu. Mafuta machafu yaliyotolewa katika injini ya gari hayafai, kwa kuwa yamekwisha kujaa vyembe vya chuma. Na zaidi ya yote, mafuta yasiguse ringi wala sahani ya breki. Mtu aliyenyamazisha mnyororo wake huku akapaka mafuta breki, kisha akashuka kutoka Soni hata Mombo, amenunua ukimya kwa bei kubwa.

Katika kutafuta, fanyeni jambo moja tu kwa wakati mmoja, kisha jaribuni. Atakayekaza kiti, akapaka mnyororo, akafungua pedali, yote kwa saa moja, hata mlio ukikoma hatajua ni lipi lililoponya, na utakaporudi ataanza upya.

Iko milio ambayo haingoji siku ya soko. Mlio wa kualika unaozidi siku kwa siku penye krenki au pedali, ingawa kila kitu kimekazwa: safisha chuma kikauke, utazame kwa mwanga wa jua kama kuna mstari mwembamba wa ufa. Kiungo cha mnyororo ambacho bamba lake limeanza kufunguka kando ya pini. Friwili inayoachia. Fremu inayolia penye maungio, hasa mahali rangi imepasuka kwa mstari. Ukiona mojawapo katika hayo, shuka, tembea kwa miguu ukiisukuma baisikeli. Kuchelewa kufika Bumbuli au Mlalo si aibu. Mlima umezoea watu wanaotembea.

Wakubwa wa vijiji, twawaomba jambo lililo katika uwezo wenu. Mahali penye watu wengi wenye baisikeli, shaurianeni mpate vifaa vichache vya pamoja: spana za vipimo vinavyohitajiwa, chombo cha kutolea pini ya mnyororo, na rula. Vijana wanaowaongoza wageni kwa baisikeli, na wale wanaopeleka mboga barabarani, wapewe desturi ya kutikisa krenki na kupima mnyororo kabla ya kuteremka. Walimu, mnaweza kufanya baisikeli moja kuwa somo la hesabu, la sauti na la nguvu kwa siku moja. Watoto watayakumbuka kuliko mengi ya ubaoni, nao watakwenda kupima mnyororo wa baba nyumbani.

Haya ndiyo tuliyotaka kuwaambia. Baisikeli haisemi uongo, lakini husema kwa lugha yake, na mwenye haraka hasikii ila kelele. Ikilia, tulia, uliza maswali yako matatu, tazama, tikisa, pima, kisha shika spana. Mwendo mwema katika milima yetu.